Je, mbwa wangu atanilinda tukikutana na chui vilimani?

Swali: "Ninaishi Kiserian na kila Jumamosi hupanda Vilima vya Ngong na rafiki yangu pamoja na mbwa wangu, jike chotara wa German Shepherd mwenye miaka mitatu na kilo 28. Humwacha huru kwa sababu ni mtiifu, naye hutangulia kukagua njia. Mwezi uliopita majirani wawili walipoteza mbwa usiku na watu wanasema ni chui. Rafiki yangu anashikilia kwamba mbwa mkubwa hivi ndiye ulinzi wetu, na kumfunga kamba ni kumnyima nafasi ya kujitetea. Tukikutana na chui au fisi tufanye nini? Ninunue kengele au dawa ya pilipili? Au nimwache tu nyumbani?"

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, na ni vizuri umeuliza kabla ya jambo kutokea. Nianze na hoja ya rafiki yako, maana ndiyo yenye hatari kuliko zote. Machoni pa chui, mbwa ni kitoweo. Mbwa aliye huru, aliyekuacha nyuma mita hamsini, ni kitoweo kilichojitenga na watu wake. Kinachomlinda mbwa wako ni wewe kuwa karibu naye, na kinachokulinda wewe ni yeye kutokwenda kumchokoza mnyama ambaye wewe hujamwona.

Tazama uzito. Chui jike huwa na kilo 30 hadi 40 hivi, dume hufika 60. Mawindo anayoyapendelea ni ya kilo 10 hadi 40: paa, pongo, swala wadogo. Kilo 28 za mbwa wako zimeangukia katikati kabisa. Huko Maharashtra, India, ambako chui wanaishi katikati ya mashamba ya miwa na wanyama pori wa kuwinda wamekwisha, watafiti waliochunguza kinyesi cha chui walikuta kwamba mbwa wa kufugwa ndiye aliyeongoza katika chakula chao. Chui wa Ngong bado wana paa na pimbi, lakini mbwa wanamfahamu. Tena kubweka hakumtishi kama watu wanavyodhani. Usiku kunamwelekeza mbwa alipo.

Sasa hilo la kujitetea. Chui hapigani na windo lake. Hunyemelea, tumbo likigusa nyasi, mpaka abakize mita chache, mara nyingi chini ya kumi. Ndipo huchomoka na kuuma koo au shingo, na kila kitu huisha kwa sekunde chache. Mbwa hapati muda wa kugeuka, sembuse kutumia meno. Uvizi huo wote unategemea kutoonekana na kupata windo la peke yake. Watu wawili wima, wanaoongea, wenye mbwa aliyebana miguuni mwao, wanaiharibu hesabu hiyo. Kwa kawaida chui akiwasikia hujilaza kichakani mpite, nanyi msijue kamwe kwamba alikuwepo.

Ipo njia ya pili ambayo mbwa huleta balaa, nayo huwasahaulika wengi. Mbwa huru akinusa mnyama kichakani humkimbilia. Akikuta ni chui mwenye watoto, au nyati dume aliyelala, hugeuka na kutimua mbio, na mahali pa usalama anapopajua ni kwako. Anarudi mkia umebanwa, na nyuma yake yuko mnyama aliyekwisha kukasirika. Mnyama ambaye asingekuwa na shida nawe sasa amefikishwa mlangoni pako. Utiifu hausaidii sana hapo. Mbwa anayekuja vizuri akiitwa uani huwa hasikii lolote akishaanza kumfukuza paa.

Kwa hiyo kamba, tena kamba ya aina yake. Chukua ya nailoni bapa, upana wa sentimita 2, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Zile za kujikunja zenyewe ndani ya kishikio cha plastiki ziache dukani: zinampa mbwa mita tano wakati unahitaji moja, uzi wake mwembamba unakata vidole, na kishikio kikikuponyoka kinamfuata kikigongagonga mawe na kumtisha zaidi. Usijizungushie kamba kiganjani wala usiifunge kiunoni. Pitisha kitanzi kwenye kidole gumba, kisha funga ngumi, ili siku ikibidi kuachia uachie kwa kufungua mkono tu. Mbwa akinyakuliwa huku wewe umejifunga naye, utaburutwa.

Vitu viwili ndivyo huharibika zaidi. Cha kwanza ni ndoano ya kamba: zile nyepesi za bei ya chini hufunguka zikivutwa kwa kukingama. Tafuta ya shaba au chuma kizito inayozunguka, na kila unapotoka ivute kwa nguvu zako zote kabla ya kuvuka geti. Cha pili ni kola kulegea. Mbwa akiogopa hurudi kinyumenyume na kichwa huchomoka. Vidole vyako viwili vipite kati ya kola na shingo, visizidi. Bora zaidi ni mkanda wa kifua wenye mpini mgongoni. Huo utaushika kama mpini wa mkoba na kumbana mbwa pajani pako bila kumkaba. Katika milima ya Himalaya wachungaji huwavisha mbwa wao kola pana za chuma zenye miiba kwa ajili ya chui. Zina faida yake kwa mbwa anayelala malishoni na kondoo, ila kwa mbwa wa kutembea nawe utajichoma mikono bure.

Mfundishe amri moja tu ya ziada: "nyuma". Anza uani ukiwa na vipande vidogo vya nyama, dakika tano asubuhi na tano jioni. Sema neno mara moja, mwelekeze kwa nyama mpaka asimame nyuma ya goti lako la kushoto, mpe. Siku nne au tano za kwanza usidai zaidi ya hapo. Kisha ongeza vishawishi: paka wa jirani, mtu anayekimbia, kuku. Baada ya wiki mbili za kutoruka siku, wengi hulifanya bila kufikiri, nalo ndilo utakalolihitaji siku mdomo umekukauka.

Saa za kutembea zina uzito kuliko kifaa chochote utakachonunua. Ingia njiani kuanzia saa tatu asubuhi na uwe umetoka kabla ya saa kumi jioni. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na ile saa moja kabla yake na moja baada ya mapambazuko ndizo chui na fisi wanapokuwa kazini. Watu wanaopanda Ngong hukosea kwa kuhesabu muda wa kwenda bila wa kurudi. Vile vilima saba huchosha miguu, na kule mwisho giza huwakuta wengi. Uliza langoni kuhusu mbwa, kwa maana masharti hubadilika, na mwombe askari wa Huduma za Misitu akueleze ni wapi wanyama wameonekana wiki hiyo. Kama kuna askari wa kuwasindikiza, mchukueni.

Njiani, mmoja atangulie, mwingine awe nyuma, mbwa katikati. Mkiwa na mtoto, naye katikati. Juu kwenye nyasi, ambako upepo unazungusha mitambo ya umeme, mnaona mbali na mnaweza kupumua. Hatari iko mnaposhuka makorongoni, penye vichaka vilivyofunika njia, mawe makubwa na vijito. Hapo fupisha kamba mpaka mbwa aguse mguu wako, mpitishe upande ulio mbali na kichaka, ongeeni kwa sauti ya kawaida. Usimwache anywe kijitoni. Mbwa wa kilo 28 anahitaji karibu lita moja na nusu kwa siku akiwa ametulia, hivyo beba lita mbili zake peke yake na bakuli la kukunja.

Jifunze kusoma ardhi. Wayo wa chui ni mviringo, upana wa sentimita saba hadi tisa, vidole vinne bila alama za kucha. Wa fisi una kucha butu zinazoonekana, na vidole vyake vinakaribiana sana. Wa mbwa nao una kucha, ila ni mwembamba zaidi. Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha fisi, sababu ya mifupa anayoitafuna. Mzoga uliopachikwa kwenye panda la mti ni wa chui. Geuka papo hapo, maana mwenyewe hayuko mbali. Sikiliza pia: kima na tumbili wakipiga kelele ya kurudiarudia huku wametazama sehemu moja chini, kanga wakilalama bila kukoma, au sauti kama ya msumeno ukipasua mbao, hiyo ya mwisho ni chui mwenyewe. Na msikilize mbwa wako. Manyoya ya mgongo yakimsimama, akakataa kusonga au akajibana kwako akitetemeka, usimvute kwa ukali wala kumcheka. Pua yake imekwisha kujua. Rudini mlikotoka.

Mkimwona chui, simameni. Kukimbia humwamsha paka yeyote hamu ya kufukuza, hata aliyeshiba. Sema "nyuma", fupisha kamba, simameni bega kwa bega mbwa akiwa nyuma yenu. Msiiname wala kuchuchumaa kuokota kitu, kwa kuwa mtu aliyeinama ana kimo na umbo la windo. Ndiyo sababu mawe mawili matatu yawe mfukoni tangu langoni. Kama chui yuko mbali na anawatazama tu, ongeeni kwa utulivu na mrudi nyuma polepole mkimwona kwa pembe ya jicho bila kumkodolea, na mwachieni njia ya kuondokea. Akianza kuwajia, au akijilaza masikio yamebanwa na ncha ya mkia ikitikisika, badilikeni: inueni mikono na mabegi juu ya kichwa, pigeni kelele nzito, rusheni mawe. Akiruka, piganeni. Kinga koo kwa begi au mkono, mpige puani na machoni kwa fimbo, usijilaze chini.

Wenye mbwa wadogo huuliza kama wawabebe. Hapa wataalamu hawana neno moja. Mbwa aliyekumbatiwa kifuani humweka chui kifuani pako, lakini mbwa wa kilo tano aliye chini hana pa kujificha. Naona ni sahihi kumbeba mapema, wakati mnyama yuko mbali na mwenzako ndiye anayemtazama, na umtie ndani ya begi la mgongoni ukiwa nalo. Chui akishakaribia, umechelewa kuinama.

Na akimkamata? Hili ni gumu kuliandika, lakini lazima ulijue kabla. Achia kamba. Pigeni kelele, rusheni mawe na chochote mkiwa pamoja mmesimama. Mara nyingine chui huacha. Usishike miguu ya mbwa kuvutana naye, wala usimfuate kichakani. Chui anayelinda windo lake hashindwi na mtu mwenye mikono mitupu, na kumpenda mbwa wako hakubadilishi hilo.

Fisi ni habari nyingine. Fisi madoa ana kilo 45 hadi 70 na zaidi, taya za kuvunja mfupa wa ng'ombe, na hupima hali kabla ya kuthubutu. Hufuata nyuma, husimama mkisimama, hukaribia mkigeuza mgongo. Miaka hii amejeruhi na hata kuua watu viungani mwa Nairobi, upande wa Rongai na Juja. Dawa yake ni kutogeuza mgongo, kumwendea hatua mbili tatu kwa kelele na mawe, na kumulika tochi kali usoni kama giza limewakuta. Msianguke, msiketi kupumzika. Mbwa asiachiwe kumfukuza hata kidogo: fisi mmoja anayeonekana kukimbia huenda anampeleka kwa wenzake.

Simba wanakuhusu ukitembea upande wa Kitengela na nyanda za kusini. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina uzio pande tatu tu, kusini iko wazi, na simba huvuka mto Mbagathi wakifuata mifugo. Kanuni ni zilezile za chui, ila mpeni nafasi zaidi ya kuondoka. Ndani ya mbuga zenyewe mbwa haruhusiwi, Kenya na Tanzania vilevile, na sababu si ukaidi wa maofisa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa vijiji jirani.

Usisahau nyani. Dume mmoja mkubwa ana meno marefu kuliko ya mbwa wako na hupasua tumbo. Ukiona kundi, pita mbali.

Kuhusu vifaa. Kengele haina madhara wala faida kubwa. Sauti yenu inatosha na inaeleza jambo muhimu zaidi, kwamba hapa kuna binadamu. Dawa ya pilipili siipendekezi vilimani Ngong, kwa kuwa upepo wa huko utakurudishia machoni, na ukishakuwa kipofu umemaliza ulinzi wote uliokuwa nao. Fedha hiyo nunua filimbi, tochi nzuri, fimbo imara inayofika kifuani, na kizibao chenye rangi kali cha mbwa. Weka kwenye simu namba ya dharura ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ya daktari wa mifugo anayepokea simu Jumamosi. Mmoja wenu abebe bandeji pana mbili, chupa ya maji yenye chumvi ya kuoshea vidonda, na kitambaa cha kumfunga mdomo.

Sasa nirudi kwa majirani zako, maana walipoteza mbwa nyumbani, usiku. Huko ndiko mbwa wako yuko hatarini zaidi, kuliko njiani mchana. Mbwa aliyefungwa mnyororo uani ameandaliwa mezani. Aliyeachwa huru ndani ya ukuta hana nafuu sana, kwa kuwa chui huruka mita tatu kwenda juu bila kuhangaika. Kinachozuia ni kibanda kilichofungwa pande zote: wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu yasiyozidi sentimita 5, paa la mabati juu ya wavu huohuo, sakafu ya saruji, mlango wenye makomeo mawili, juu na chini. Wavu wa kuku haufai, huchanika kama karatasi. Kama kibanda kitachukua muda, mlaze ndani ya nyumba au stoo kuanzia leo. Fyeka vichaka mita kumi kuzunguka boma, zika au choma mabaki ya nyama, usiache chakula cha mbwa nje. Taa za kumwekamweka, kama zile alizobuni Richard Turere akiwa mtoto upande wa Kitengela kuwazuia simba wasiingie bomani, zinasaidia, hasa ukizihamishahamisha. Zikiwa peke yake bila paa la wavu, chui huzizoea. Waambie pia majirani zako waripoti KWS. Kutega sumu ni kosa kisheria, na sumu hiyo itaua tai, fisi na mbwa wako mwenyewe.

Mbwa akijeruhiwa, usidanganywe na udogo wa kidonda. Meno ya chui huacha tundu la upana wa penseli, huku ndani nyama imechanika na vijidudu vimepandwa kwenye kina. Mfunge mdomo kwa kitambaa kwanza, kwa kuwa hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu, isipokuwa kama anapumua kwa shida. Kandamiza panapotoka damu dakika kumi bila kuchungulia. Tundu la kifuani lifunike kwa plastiki safi. Ukigusa shingo na kusikia kitu kama mchanga ukikwaruza chini ya ngozi, ni hewa inavuja kutoka koo la pumzi, na hapo hakuna kungoja. Usimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac. Dawa hizo za watu huua mbwa. Afike kwa daktari wa mifugo ndani ya saa chache hata kama anatembea na anakula, aoshwe vidonda, apewe antibiotiki na chanjo ya kichaa cha mbwa ya kuongezea.

Wewe ukiumwa au kukwaruzwa, na mnyama pori au na mbwa wako mwenyewe katika purukushani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Sindano huanza siku ya kwanza na kufuatiwa na nyingine siku ya 3, 7 na 14, mahali pengine pia ya 28, na kidonda kilichopenya ngozi huhitaji dawa ya kinga inayochomwa palepale kwenye jeraha. Dalili zikishaanza hakuna tiba, ndiyo maana hangoji mtu kuona kama atajisikia vibaya.

Kumwacha nyumbani kabisa? Hapana, si lazima. Mbwa aliyechanjwa, kwenye kamba fupi, mchana, na watu wawili macho wazi, anaweza kuendelea kupanda Ngong. Ila ziko siku nitakuomba umwache: akiwa kwenye joto la kutaka dume au ana mimba, akiwa anachechemea au ametoka kuugua, ukiwa unakwenda peke yako, ukungu ukiwa umeshuka hamwoni hata mita ishirini, au askari wa langoni akikwambia chui ameonekana na watoto wiki hiyo. Siku hizo mfungie ndani kabla ya kutoka, na umpeleke matembezi yake mtaani ukirudi, kabla ya saa kumi na moja.